Kupima ECG ikatoka safi: kutoka mlango wa ioni hadi kwenye karatasi

Stima inayoingia kwenye kliniki za Nairobi ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme wa moyo, ukifika kwenye ngozi ya kifua, ni kama milivolti 1. Ukigawanya utaona kwamba stima ya ukutani inauzidi moyo mara 240,000. Mashine ya ECG (inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi) inaombwa iusikie moyo katikati ya kelele hiyo, na karibu kila karatasi mbovu inatokana na mpimaji aliyesahau jinsi sauti hiyo ilivyo ndogo, au asiyejua inatoka wapi. Kwa hiyo tutaanza ndani ya seli, ndipo tuje kwenye waya na stika.

Milivolti moja inatoka wapi

Seli ya moyo, kama seli ya neva, imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta usiopitisha chumvi. Ndani ya seli potasiamu ni karibu 140 mmol/L (kipimo cha wingi katika kila lita), nje ni 4. Sodiamu ni kinyume: nje kama 145, ndani kama 12. Tofauti hii hulindwa na pampu iliyo ndani ya utando. Kila ikizunguka mara moja hutoa sodiamu 3, huingiza potasiamu 2, na hutumia molekuli 1 ya ATP, nishati ya seli.

Utando una milango, yaani matundu yanayopitisha ioni (chembe za chumvi zenye chaji). Seli ikiwa imetulia, milango mingi iliyo wazi ni ya potasiamu. Potasiamu inavuja kutoka nje kwa sababu ndani imejazana. Kila ioni inayotoka inabeba chaji chanya na kuacha ndani hasi zaidi, mpaka ule uhasi unaanza kuivuta potasiamu irudi kwa nguvu ileile inayoisukuma itoke. Hapo mwendo unasawazika. Volti ya usawa huo unaweza kuipata kwa kikokotoo cha simu: gawanya kiwango cha nje kwa kiwango cha ndani, bonyeza log, kisha zidisha kwa 61.5 (namba ya joto la mwili, nyuzi 37). Kwa potasiamu, 4 gawanya kwa 140, log yake ni −1.54, jibu ni karibu milivolti −95. Kwa sodiamu, 145 gawanya kwa 12, jibu ni karibu +67.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe walau mara moja, maana tutairudia mwishoni na mgonjwa wa figo. Seli za ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) hutulia karibu na −90, pua na mdomo na ile hesabu ya potasiamu. Neva hutulia karibu na −70, kwa kuwa utando wake huvujisha sodiamu kidogo zaidi.

Sasa seli ikisukumwa kidogo kuelekea juu, milango ya sodiamu inayohisi volti inafunguka. Sodiamu inaingia, ndani inapanda, milango mingine inafunguka kwa sababu hiyo, na ndani ya milisekunde moja hivi volti imeruka kutoka −90 hadi juu ya sifuri. Idadi ya ioni zinazohama ni ndogo mno. Ukipima sodiamu ya seli kabla na baada ya pigo moja huoni tofauti. Kinachobadilika ni volti. Milango hiyo haikai wazi. Baada ya muda mfupi inajifunga na kujikomea, na haiwezi kufunguka tena mpaka volti ishuke chini. Kukomea huku ndiko kunakoeleza nusu ya mambo tutakayoyaona kwenye karatasi.

Mpaka hapa neva na moyo ni ndugu. Alan Hodgkin na Andrew Huxley ndio walioipima hatua hii namba kwa namba kwenye neva nene ya ngisi, wakachapisha mwaka 1952 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Tofauti inakuja kwenye kurudi chini. Neva inarudi mara moja. Pigo lote ni kama milisekunde 1. Seli ya ventrikali inabaki juu kwa milisekunde 200 hadi 300, kwa kuwa kalisiamu inaingia huku potasiamu ikitoka, na viwili hivyo vinakaribia kulingana. Kalisiamu hiyo ndiyo inayoamsha akiba ya ndani na kukaza msuli. Na kwa vile milango ya sodiamu imekomewa muda wote huo, moyo hauwezi kushikwa na mkakamao kama msuli wa mguu unaokazwa mfululizo. Lazima ulegee kwanza, ujae damu, ndipo upige tena.

Jinsi pigo linavyosafiri

Fikiria moto wa nyasi kavu. Unakwenda mbele kwa sababu nyasi inayowaka inaipasha joto inayofuata, na haurudi nyuma kwa sababu nyuma kumeshaungua. Pigo la umeme linakwenda hivyohivyo: seli iliyopanda inaisukuma jirani hadi milango yake ifunguke, na iliyobaki nyuma bado imekomea. Katika moyo seli zimeunganishwa kwa vijia vidogo vinavyopitisha ioni moja kwa moja, ndiyo maana msuli mzima huitika kwa pamoja.

Kasi si moja. Neva zilizovikwa mayelini, ambamo pigo huruka kutoka upenyo mmoja wa ganda hadi mwingine, hufikia hata mita 120 kwa sekunde. Neva nyembamba za maumivu zisizo na ganda huenda kama mita 1 kwa sekunde. Ukijikwaa kwenye jiwe unahisi mguso papo hapo, kisha maumivu mazito yanafika karibu sekunde moja baadaye. Njia ya kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni karibu mita moja.

Katika moyo, pigo huanzia nodi ya SA, kundi dogo la seli juu ya atiria (chumba cha juu cha moyo) ya kulia. Seli za hapo hazitulii. Zinapanda polepole zenyewe kutoka karibu −60 hadi karibu −40, kisha zinafyatuka. Pigo linapita atiria, na hili ndilo wimbi P. Linafika nodi ya AV, kati ya atiria na ventrikali, ambako kasi inashuka hadi karibu mita 0.05 kwa sekunde, na ucheleweshaji huu wa kama sekunde 0.1 ndio unaozipa atiria nafasi ya kumaliza kusukuma damu. Kisha linaingia nyuzi za Purkinje, njia ya haraka ndani ya ventrikali, mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na ventrikali zote zinapanda ndani ya sekunde 0.1. Hilo ni kundi la QRS. Seli zikirudi chini linatokea wimbi T.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Elektrodi za ngozi, yaani stika zinazopokea umeme, hazioni volti ya seli. Zinaona tofauti kati ya sehemu iliyopanda na ambayo bado. Seli zote zikiwa chini, mstari uko sawa. Seli zote zikiwa juu, mstari pia uko sawa, na huo ndio ST, kipande kati ya QRS na T. Kwa hiyo ST iliyopanda au kushuka ina maana kwamba seli fulani hazikubaliani na wenzao, na mara nyingi ni kwa kukosa damu. Pia ndiyo sababu ya mabadiliko ya milivolti 110 ndani ya seli kufika kifuani yakiwa milivolti 1 tu.

Kabla ya kumgusa mgonjwa

Wagonjwa wengi wanaogopa. Wakisikia umeme, wanawaza kupigwa shoti. Mwambie wazi: “Mzee, mashine hii haikutii stima. Inasikiliza tu umeme wa moyo wako.” Mgonjwa mwenye hofu hukaza misuli, na misuli ina umeme wake. Muulize dawa anazotumia, na kama ametafuna miraa au muguka leo. Kathinoni iliyomo huuharakisha moyo, na mapigo 110 ya mtu aliyetafuna tangu asubuhi hayasomwi kama ya mtu aliyepumzika. Uliza bila kumhukumu, la sivyo atakuficha.

Funga pazia. Kwa mama, awepo muuguzi wa kike, na uwe na leso ya kumfunika kifua mara stika zikishabandikwa. Mwenye buibui hahitaji kuvua kila kitu. Nguo ikifunguka mbele, mikono na vifundo vya miguu vikapatikana, inatosha.

Mlaze chali, mto mmoja, mikono kando bila kugusa chuma cha kitanda, miguu isigusane. Akishindwa kulala kwa sababu ya pumzi, mwinue na uandike kwenye karatasi “amekaa nyuzi 45”, maana moyo huhama na mawimbi hubadilika.

Ngozi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia Nairobi, na sababu ni mafuta ya kujipaka. Safu ya juu ya ngozi ni seli zilizokufa na kukauka, nazo huzuia umeme. Juu yake ukiongeza mafuta ya mgando, stika haishiki kabisa. Futa kwa pamba yenye maji na sabuni, kausha, kisha sugua kidogo kwa gozi kavu mara tatu nne mpaka ngozi ikaribie kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo hesabu misuguo. Spiriti itumie tu kama mafuta ni mengi, na isubiri ikauke. Nywele zikiwa nyingi nyoa sehemu ndogo, kwa ruhusa yake.

Stika zikae ndani ya pakiti iliyofungwa. Jeli ikikauka stika inabaki gundi tu. Zilizoachwa wazi kwenye meza tangu jana zitupe. Kama mashine yenu hutumia vipira vya kunyonya, paka jeli kidogo kwa kila kimoja. Ukiipaka kifua kizima kama mstari, V1 hadi V6 (elektrodi sita za kifua) zinaunganika na zote zinachora picha moja.

Kuweka elektrodi kumi

Soma herufi kwenye waya kabla ya rangi. Mashine zinazoletwa nchini zinatoka pande zote za dunia, na kuna mifumo miwili ya rangi. Katika mfumo wa kimataifa, mkono wa kulia ni nyekundu, wa kushoto njano, mguu wa kushoto kijani, wa kulia mweusi. Katika mfumo wa Marekani, mkono wa kulia ni mweupe, wa kushoto mweusi, mguu wa kushoto mwekundu, wa kulia kijani. Ona hatari yake: waya mwekundu ni wa mkono katika mfumo mmoja na wa mguu katika mwingine. Kliniki yenye mashine mbili za mifumo tofauti ibandike karatasi ukutani juu ya kila moja.

Kifua huhesabiwa kwa kidole, hakikisiwi kwa macho. Shusha kidole kutoka kwenye shimo la koo juu ya mfupa wa kidari, sentimita tano hivi, mpaka uguse kigongo kilicholala kwa upana. Ubavu unaoungana na kigongo hicho ni wa pili. Nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Teremka ubavu wa tatu, ubavu wa nne. Nafasi iliyo chini ya ubavu wa nne ndiyo unayoitaka. V1 iweke hapo, kulia kwa kidari, na V2 kushoto kwake. Kisha ruka V3 kwa muda. V4 inakaa nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 ni katikati ya V2 na V4. V5 iko kwenye mstari wa mbele ya kwapa na V6 kwenye mstari wa katikati ya kwapa, zote mbili usawa na V4. Usizipandishe kwa kufuata mkunjo wa ubavu.

Kwa mwanamke, V4 kwa kawaida huwekwa chini ya titi. Mwambie, “Mama, nitainua titi kidogo kwa nyuma ya mkono wangu,” kisha ufanye hivyo. Chuchu isitumike kama alama kwa yeyote. Huhama kwa umri na umbo.

Kosa linaloongoza ni V1 na V2 kuwekwa juu mno, nafasi ya pili au ya tatu. Dalili yake: wimbi P katika V2 limegeuka chini lote, na QRS ya V1 ina kilele cha pili kidogo. Daktari anaweza kusoma ugonjwa ambao haupo.

Elektrodi za miguu na mikono ziwe karibu na vifundo, sehemu isiyo na misuli minene. Ukizihamishia mabegani na kiunoni kwa sababu ya bandeji au kutetemeka, andika.

Mashine iwe 25 mm kwa sekunde, 10 mm kwa milivolti. Kwa kasi hiyo kijisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.2. Tazama mstatili wa urekebishaji pembeni: urefu wake lazima uwe 10 mm. Ukiwa 5 mm, mtu alipunguza kipimo na hukujua. Kichujio kiwe 0.05 hadi 150 Hz (mizunguko kwa sekunde). Kukipunguza hadi 40 hufanya karatasi ipendeze kwa kukata vilele vya QRS na kuficha alama za kifaa cha kuendeshea moyo. Kupandisha kiwango cha chini hadi 0.5 kunaweza kupotosha ST. Ondoa kelele mahali inapotoka, kichujio kiwe suluhisho la mwisho.

Karatasi ikitoka mbovu

Mstari mnene wenye meno yaliyolingana, mawili kwa kila milimita, ni stima ya ukutani. Chomoa mashine itumie betri. Ondoa chaja ya simu kitandani, zima taa za mirija, sogeza waya wa ekstensheni. Nyaya za mgonjwa zilale sambamba na mwili, zisijikunje duara. Plagi ikiwa imechomekwa kwa adapta isiyo na pini ya ardhi, hiyo ndiyo sababu yako. Kisha angalia elektrodi ya mguu wa kulia.

Kujua elektrodi yenye shida huhitaji hesabu ndogo. Lidi, yaani pembe ya kuutazamia moyo, ni tofauti kati ya viungo viwili: lidi I ni mkono wa kushoto kutoa wa kulia, II ni mguu wa kushoto kutoa mkono wa kulia, III ni mguu wa kushoto kutoa mkono wa kushoto. I na II zikiwa chafu na III safi, mkosaji ni mkono wa kulia. I na III chafu, mkono wa kushoto. II na III, mguu wa kushoto. Zote zikiwa chafu, anza na mguu wa kulia au na chumba chenyewe.

Meno yasiyolingana, kama manyasi, ni misuli. Mwezi Julai asubuhi, chumba kikiwa baridi na mgonjwa amevua shati, hutapata karatasi safi hata ubadilishe stika zote. Mfunike blanketi, ngoja dakika tano, mwambie aweke viganja chini ya makalio. Mtetemo wa ugonjwa wa Parkinson ni wa mizunguko 4 hadi 6 kwa sekunde, na unafanana sana na atiria zinazopigapiga mara 300 kwa dakika. Tazama mkono wa mgonjwa kabla hujaandika jina la ugonjwa.

Mstari unaopanda na kushuka polepole ni pumzi au stika iliyolegea.

Nyaya za mikono zikibadilishwa, lidi I inageuka kichwa chini na aVR, lidi inayoutazama moyo kutoka upande wa mkono wa kulia, ambayo kawaida huelekea chini, inaelekea juu. Moyo ulio upande wa kulia pia hugeuza lidi I, ila hapo R (kilele cha QRS kinachoelekea juu) haikui kutoka V1 hadi V6. R ikikua kama kawaida, ni nyaya. Lidi II ikiwa karibu mstari mtupu, waya wa mkono wa kulia na wa mguu wa kulia vimebadilishana. Kubadilisha mkono wa kushoto na mguu wa kushoto ni kugumu kuona. Shuku ukikuta P ya lidi I ni kubwa kuliko ya II, na ulinganishe na karatasi ya zamani.

Kusoma kwa kurudi ndani ya seli

Kasi: gawanya 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya R mbili. Mapigo yasipolingana, hesabu QRS katika sekunde 10, zidisha kwa 6. Kwa kijana, mapigo kuongezeka akivuta pumzi na kupungua akiitoa ni kawaida. Ni neva ya vagasi, inayopunguza mwendo wa moyo kwa kufungua milango ya potasiamu katika nodi ya SA, inalegeza, inakaza. PR (mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) iwe sekunde 0.12 hadi 0.20, QRS chini ya 0.12.

QT, kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, ni muda wa seli kupanda na kurudi. Ipime, kisha igawe kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya R mbili, kwa sekunde. Juu ya 0.45 kwa mwanamume au 0.46 kwa mwanamke, rudi kwenye orodha ya dawa. Kwinini, klorokwini na erithromaisini hupunguza potasiamu inayotoka wakati wa kurudi chini, basi seli inachelewa juu, na pigo lisilo na mpangilio linaweza kuingia kabla haijakamilika.

Na sasa mgonjwa wa figo, aliyekosa dayalisisi wiki hii. Potasiamu ya damu ni 7. Rudia hesabu: 7 gawanya kwa 140, log ni −1.30, zidisha kwa 61.5, unapata −80. Seli imepanda milivolti 15 bila kupigwa. Milango mingi ya sodiamu inakomea kabla ya kazi, pigo linapanda kivivu, linasafiri kivivu. Kwenye karatasi T inachongoka kama hema, P inatandazika hadi kupotea, QRS inapanuka. Ikiungana na T ikawa wimbi moja la mviringo, moyo uko ukingoni mwa kusimama. Usingoje majibu ya maabara ndipo umwite daktari. Kalisiamu gluconeti anayoidunga haishushi potasiamu. Inalinda utando kwa muda wa dakika 30 hadi 60, na kazi yake huonekana ndani ya dakika chache. Acha stika zote kifuani. Karatasi ya pili lazima itoke mahali palepale ilipotoka ya kwanza, na juu yake iandikwe saa na dakika ya sindano.